Ithibati ya huduma za afya

Ithibati ya huduma za afya ni utambuzi rasmi kwamba hospitali, kituo cha afya au zahanati imekaguliwa na kuonekana imefikia viwango vya ubora vilivyowekwa. Ni tofauti na usajili, ambao huruhusu tu kituo kufanya kazi.

Mwaka 1918 chama cha madaktari wa upasuaji cha Marekani kilianza kukagua hospitali. Kati ya 692, zilizofikia viwango zilikuwa 89 tu.

Nchini Tanzania, Wizara ya Afya ilianza mwaka 2015 kuvipa vituo vya ngazi ya msingi nyota kuanzia sifuri hadi tano, kama hatua za kuelekea ithibati. Lengo lilikuwa nyota tatu au zaidi. Wakaguzi huangalia uongozi, kumbukumbu, majengo, maji, usafi, tiba na jinsi wagonjwa wa dharura wanavyopewa rufaa. Kisha huandaliwa mpango wa kurekebisha kasoro.

Mjini mgonjwa anaweza kuchagua hospitali kwa sifa yake. Katika Milima ya Usambara ni vigumu: wilayani Lushoto vijiji vimetawanyika milimani, barabara kutoka Mombo hupanda kwa kona nyingi, na hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, iko mbali jijini Tanga. Mjamzito huenda zahanati iliyo karibu, iwe na nyota au isiwe nazo. Kwake faida ya ukaguzi ni kwamba maji yawepo na vifaa viwe vimetakaswa kabla hajafika. Hata hivyo, jengo bovu husubiri fedha za halmashauri, na uhaba wa wauguzi husubiri ajira za serikali.