Nani Alipasua Paa la Kioo?

Kisa chenyewe kilitokea saa saba mchana, mwezi Februari 2025, kando ya barabara kuu ya Morogoro, upande wetu huu wa Ruvu. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ana kijiwe cha kuoshea magari. Mali yake yote pale ni tanki la maji, pampu, ndoo nne na kivuli cha mwembe ambao wala si wake. Siku hiyo likaja gari la umeme, la kwanza yeye kulishika kwa mkono. Halikunguruma. Lilinyata kama paka mpaka likasimama mbele yake. Na juu halikuwa na bati: kuanzia kioo cha mbele hadi cha nyuma paa zima lilikuwa kioo kitupu, cheusi.

Mwenye gari, mzee mmoja wa mjini, alisema ana safari ya Morogoro, lioshwe vizuri, kisha akaenda kwa mama ntilie kuagiza supu. Kulikuwa na foleni, gari likakaa juani karibu saa nzima. Zamu yake ilipofika mdogo wangu akafungua mpira wa maji, akaanzia juu, kama anavyofanya kwa kila gari. Maji ya tanki lile, kwa vile liko kivulini, ni ya baridi hasa.

Ta!

Mlio mmoja tu, mdogo, kama wa mtu aliyevunja kijiti. Ufa ukatokea ukingoni upande wa kulia, ukaingia katikati, ukapinda na kuelekea nyuma. Mzee yule hakufoka. Alikuja akauangalia, akafuta mdomo, akasema, "Mwanangu, umenivunjia gari." Watu wakajaa, na kila mtu alikuwa hakimu. Maji ya baridi juu ya kioo cha moto, bwana, hata mtoto mdogo anajua! Jioni yake tuliandikishana mbele ya wazee wawili: shilingi milioni tatu na nusu, kwa miezi mitatu. Mdogo wangu akauza pikipiki yake, ile iliyokuwa ikimlipia mama mdogo dawa za presha.

Mimi ni mhitimu wa kidato cha nne, na fizikia nilipata D, kwa hiyo sijidai mtaalamu. Lakini hukumu ile ilinikaa kooni kama mwiba wa perege. Nikaanza kusoma na kuulizia habari za kioo na joto, nikagundua kuwa kesi ya mdogo wangu ni ya zamani kuliko magari yenyewe.

Na ilianza kwenye taa. Marehemu bibi yangu alikuwa na taa ya chemli, na sheria yake ya kwanza nyumbani ilikuwa usitoke na chemli kwenye manyunyu. Tone moja la mvua likigusa kioo kilichokwisha pata moto, kinapasuka, na dukani kioo cha chemli hakikuwa bei ya mchezo. Bibi hakujua kwamba kero yake hiyohiyo iliwahi kuwatesa watu wa reli huko Marekani. Taa za ishara za treni zilikuwa za vioo. Ndani zinaunguzwa na moto, nje zinapigwa na mvua na theluji, zinapasuka. Taa ya ishara ikipasuka usiku si hasara ya kioo tu, dereva haoni amri ya kusimama. Mnamo mwaka 1908 kampuni ya Corning, chini ya mkuu wake wa utafiti Eugene Sullivan, ikatengeneza kioo chenye boroni ndani yake ambacho hakitanuki sana kinapopata joto. Wajerumani, kupitia kwa Otto Schott, walikuwa wamekwisha ijua siri hiyo kabla ya kufika mwaka 1900. Kutoka kwenye taa za reli, kioo cha namna hiyo kiliingia jikoni mwaka 1915 kwa jina la Pyrex.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo: kutanuka. Sisi wa Ruvu tumekua tukisikia somo hili kwa masikio bila kujijua. Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, na Ruvu ikawa stesheni njiani. Ule mdundo wa treni ya zamani, ta-ta, ta-ta, ni magurudumu yanayopita penye maungio ya vyuma, ambapo mafundi waliacha upenyo. Chuma cha mita 12 kikipanda joto kwa nyuzi 30 kinarefuka kiasi cha milimita nne. Usipokiachia nafasi kitajitafutia chenyewe, na treni itaanguka. Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na ambayo nayo ina stesheni Ruvu, haina mdundo huo. Reli zake zimeunganishwa kwa kuchomelewa, na nguvu za jua zinazuiwa kwa kuzibana sawasawa kwenye mataruma ya zege. Bibi angeishi aisikie angesema treni gani hii isiyosema.

Ama kioo, nacho kinatanuka, ila kina kasoro moja ambayo chuma hakina: hakipindi. Chuma kikizidiwa hujikunja, kioo kikizidiwa hupasuka. Mwagia maji baridi juu ya kioo cha moto, ngozi ya juu itataka kunywea wakati chini yake bado kumetanuka. Ngozi inavutwa. Na kioo, ambacho ukikibana kina nguvu za ajabu, ukikivuta ni dhaifu sana. Kioo cha kawaida kinaweza kushindwa tofauti ya joto ya nyuzi 40 hivi kati ya sehemu na sehemu.

Watu wa zamani waliuona udhaifu huu wakautafutia dawa. Mwaka 1874 Mfaransa mmoja, de la Bastie, alikipasha kioo moto mkali kisha akakizamisha kwenye mafuta ya moto, kikatoka kigumu kuliko kilivyoingia. Siku hizi viwanda hukipasha zaidi ya nyuzi 600 na kukipuliza kwa upepo. Nje kunaganda kwanza, ndani kunafuata kwa kunywea, na huku kunanywea kunaubana uso wa nje kama ngoma iliyowambwa. Kioo kilichokazwa hivyo kinavumilia tofauti ya nyuzi kama 200. Kikivunjika lakini, kinavunjika chote kwa mpigo, vijipande kama punje za mahindi. Mfaransa mwingine, Édouard Bénédictus, mwaka 1903 aliangusha chupa ya maabara ikapasuka isitawanyike, kwa sababu ndani ilikuwa imebaki ngozi ya selulosi iliyokauka. Kutokana na chupa ile tukapata kioo cha tabaka: vioo viwili na utando katikati. Ndicho kioo cha mbele cha basi lolote unalopanda hapa Mlandizi kwenda mjini, kile kinachopata ufa kama utando wa buibui na bado dereva anaendesha mwaka mzima.

Sasa tuje kwenye paa. Usidhani ni ushamba wetu tu kushangaa paa la kuona mbingu. Mwaka 1954 Ford walitoa gari waliloliita Skyliner, nusu ya paa lake ikiwa ya plastiki ya kijani inayopitisha mwanga. Jua lilimpika abiria. Ikabidi liwekewe pazia la ndani, wanunuzi wakapungua, na kufikia 1956 ulikuwa ndio mwisho wake. Ungedhani watu wamejifunza!

Magari ya umeme yamelirudisha paa lile, na safari hii kuna sababu. Betri imelazwa chini ya sakafu, sakafu imepanda, kichwa cha abiria kimekaribia paa. Ukiondoa bati, mbao za ndani na kitambaa, ukaweka kioo, unamrudishia abiria sentimita kadhaa. Model 3 ya Tesla, iliyoanza kukabidhiwa kwa wateja Julai 2017, ililifanya paa la kioo kuwa jambo la kawaida, na wengine wakafuata. Lakini jua la saa sita linamwaga karibu wati 1000 kwenye kila mita moja ya mraba. Ndiyo maana kioo hicho hutiwa weusi au kupakwa utando wa kurudisha joto, maana kiyoyozi nacho kinakula betri ileile inayotakiwa kukufikisha. Weusi unamsaidia abiria, ila joto lililozuiwa linabaki kwenye kioo chenyewe. Kwa jua letu la Februari kioo cheusi kinaweza kufika nyuzi 70. Maji ya kivulini labda nyuzi 26. Toa hesabu mwenyewe.

Nilipofika hapo nilikata tamaa. Nilisema basi, mdogo wangu ana hatia. Ila nikawa najiuliza: magari meusi mangapi yamemwagiwa maji mchana kwenye nchi hii? Mvua ya ghafla ya Machi inayapiga magari juani kila mwaka, na hayapasuki yote.

Jibu nililipata kwa kusoma namna mafundi wa vioo wanavyouchunguza ufa. Paa likipata jua, katikati kunapata moto upesi, lakini ukingo umefichwa chini ya raba na fremu, umebaki na baridi. Katikati kunatanuka, ukingo unavutwa. Kwa hiyo ufa wa joto huanzia ukingoni, na sentimita chache za kwanza huwa umenyooka, umesimama wima juu ya ukingo kama mlingoti, ndipo unaanza kutangatanga. Ufa wa jiwe una nyota pale lilipopiga. Na kama ukingo ulikuwa mzima, inahitajika nguvu kubwa kuuvunja, basi ufa unatoka umegawanyika matawi. Ukitoka mstari mmoja pekee, bila matawi, ni dalili kuwa ukingo ulikuwa na jeraha tangu zamani, na nguvu kidogo ilitosha.

Majeraha hayo si hadithi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Melbourne, Australia, walichunguza kwa nini vioo vya ghorofa refu vilikuwa vikipasuka vyenyewe, hakuna mtu aliyevigusa. Wakakuta ndani ya kioo kilichokazwa kuna chembe za nikeli na salfa, ndogo kuliko punje ya chumvi, zinazokua taratibu miaka na miaka. Na mwaka 2017 jarida la Consumer Reports la Marekani lilihesabu malalamiko zaidi ya 850, yaliyopelekwa serikalini tangu 1995, ya mapaa ya kioo ya magari yaliyolipuka. Hayo ni ya magari ya aina zote, mengi yao ya petroli, na hayakuhitaji ndoo ya mtu.

La kwetu halikulipuka, lilikuwa la tabaka. Kwa hiyo chembe za Melbourne hazihusiki. Uliobaki ni ukingo.

Bahati njema mdogo wangu ni mbishi. Kioo kipya kilipofungwa huko Dar es Salaam alisema cha zamani amekilipia, ni chake, akakirudisha kwa lori la mkaa lililokuwa likirudi tupu. Leo kinafunika banda la vifaranga nyuma ya nyumba ya mama mdogo. Nilikwenda na tochi nikakiinua. Ufa ni mmoja, hauna tawi. Umetoka wima kwenye ukingo, sentimita tano hivi, halafu umepinda. Na pale ulipoanzia, mahali palipokuwa pamefunikwa na raba, pana kibanzi kilichong'oka, ukubwa wa punje ya choroko. Ndani yake mlikuwa na gundi nyeusi iliyokauka. Kibanzi kiling'oka kabla gundi haijapakwa, yaani kabla gari halijakanyaga vumbi la Ruvu.

Maji yake ndiyo yaliyomalizia, sikatai. Nimempigia yule mzee mara tatu. Mara ya kwanza alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, mwalimu, lakini mimi nilikuta kizima asubuhi." Mara mbili zilizofuata hakupokea. Mdogo wangu ameniambia niache. Siku hizi gari jeusi likija mchana analisogeza kwanza chini ya mwembe, analiwekea kiganja juu, anangoja, na wateja wengine wakichoka kungoja wanaondoka.