Herufi Moja, Sauti Tatu

Nilipokuwa najifunza Kichina, niliwahi kumwita mwenzangu darasani kwa jina lisilo lake. Ukoo wake uliandikwa 樂, herufi niliyokwisha kuikariri: lè, furaha. Nikatamka Lè. Akanisahihisha kwa upole: wao ni Yuè. Lè ni ukoo mwingine kabisa, ingawa huandikwa kwa herufi ile ile.

Tangu hapo nimeifuatilia asili yake. Ikisomwa yuè, ni muziki. Ikisomwa lè, ni furaha. Na katika maandiko ya kale husomwa pia yào, yaani kupendezwa na jambo. Xu Shen, aliyekamilisha kamusi yake yapata mwaka 100, aliona ndani yake ngoma juu ya kiunzi cha mti. Lakini mwaka 1899 wanazuoni walitambua maandishi ya kale zaidi, yaliyochongwa juu ya mifupa na magamba ya kobe. Humo herufi hii ni nyuzi za hariri juu ya mti, na Luo Zhenyu akaifasiri kuwa ala ya nyuzi. Ngoma au nyuzi, wote wawili waliona ala ya muziki. Naye Xunzi, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliujengea muziki utetezi wake kwa kuuunganisha na furaha. Mageuzi ya mwaka 1956 nchini China yaliifupisha kuwa 乐. Nyuzi hazionekani tena, ila sauti zimebaki.

Sisi tuliorithi tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu si wageni wa jambo hili. Katika miswada ya zamani, i na e zilishiriki alama moja, na herufi ba iliweza kubeba b, p, hata mb. Hivyo “pima” na “pema” yaliandikwa sawa. Mizani haiamui, kwani kila moja lina mizani mbili. Kina nacho ni kile kile. Aliyeamua ni msomaji aliyeusikia utenzi kabla ya kuuona.

Wasomaji wa namna hiyo wanapungua. Mwenye mzee wa kumsomea mswada na akae naye sasa, amsikilize. Mimi herufi niliijua. Mwenye jina sikumuuliza.