Bandari Iliyogeuka Kuku

Asikilizaye ndondi redioni hulisikia neno bantam likitajwa kuwa ni uzani wa mabondia wepesi. Mfugaji wa uani naye humwita hivyo kuku wake kibete. Aghalabu wote wawili hawajui kwamba wanautaja mji: Banten, magharibi ya kisiwa cha Java, ambao Wazungu waliuandika Bantam.

Mji huo ni ndugu wa miji yetu ya mwambao. Ulikuwa na sultani wake, msikiti wake wa Ijumaa na wageni wake wa Kichina, Kigujarati na Kiarabu. Mali yake kuu ilikuwa pilipili manga. Waholanzi walitia nanga hapo mwaka 1596, na Waingereza wakafungua ghala lao mwaka 1603. Mabaharia, kama walivyo mabaharia wote, walinunua kuku hai wa kula safarini, na yasimuliwa kwamba wale wadogo waliowakuta huko ndio waliobandikwa jina la bandari. Aliyewalea hakutajwa. Sisi nasi tulipokiita kitambaa cha pamba amerikani, tuliitazama bendera ya merikebu, si mikono iliyoichuma pamba yake.

Usultani haukudumu kama jina. Sultan Ageng Tirtayasa alikataa kuwaachia Waholanzi biashara yote. Mwanawe, Sultan Haji, akapigana naye, akaomba msaada Batavia, akashinda. Na malipo yakawa pilipili. Waingereza wakafukuzwa mwaka 1682. Baba akafia kifungoni mwaka 1692. Mwaka 1808 Gavana Daendels akaushambulia mji na kulibomoa kasri la Surosowan.

Katika miaka hiyohiyo, huko Uingereza, Sir John Sebright alikuwa akichanganya damu za kuku vibete. Mwaka 1809 alitoa kijitabu juu ya kuzalisha wanyama, ambacho Darwin alikuja kukisoma. Kuku aliyempata anaitwa Sebright hadi leo: kila unyoya una ukingo mweusi, mfano wa kanga na pindo lake, na jogoo ana uzito wa gramu 600 hivi. Ajabu ni kwamba jogoo huyo huvaa kike. Hana mkia wa mundu wala manyoya marefu ya shingoni. Katika miaka ya 1910 Thomas Hunt Morgan aliwahasi majogoo hao, nao, kinyume cha matarajio ya mtu yeyote, wakaota manyoya ya kiume! Mtunga mafumbo asingethubutu.

Lakini Sebright ameumbwa kwa ajili ya macho. Mara nyingi hata kuatamia hataki. Nionavyo mimi, heshima ya ufugaji huu ni ya vibete wengine, wasio na bwana wa kuwapa jina. Mayai yao ni madogo, ila hula kidogo, hutosheka na kizimba kidogo, na wakishalalia hawaondoki kwa urahisi. Walinzi wa mashamba ya mawindo huko Uingereza waliwajua kwa hilo: waliwawekea mayai ya kwale, nao wakayaangua, wakawafunika watoto wa kwale kwa mbawa zao, wakawafundisha kuparura.