Nani alipe kupima udongo wa Vikuge?

Leo naomba twende Kibaha, mkoa wa Pwani, sehemu inayoitwa Vikuge. Wafugaji wanapajua kwa shamba la serikali la malisho. Mimi nimekuwa nikisoma habari zake kwa sababu nyingine kabisa.

Mwaka 1986 nchi yetu ilipokea msaada kutoka Ugiriki: tani 170 za dawa za kuua wadudu. Nyingine zilikuwa zimeshapitwa na wakati. (Nani anakataa cha bure?) Shehena ikapelekwa Vikuge, ikawekwa kwenye banda la wazi, mvua na jua vikaishughulikia.

Baadaye dawa zilizobaki ziliondolewa. Hapo ndipo wengi tungedhani kisa kimeisha. Lakini ukibeba magunia, udongo uliokunywa sumu unabaki pale pale. Mwaka 2004 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walichapisha vipimo vyao katika jarida la Ambio. Kuna sampuli ambayo DDT ilifika asilimia 28 ya uzito wa udongo mkavu. Hebu fikiri: chota kilo moja ya udongo huo, zaidi ya robo kilo ni DDT! Na hiyo ni karibu miaka 20 tangu mzigo ufike.

Sasa angalia jinsi tulivyojua. Tulijua kwa sababu watafiti walipendezwa na Vikuge. Sumu ya namna hii haionekani kwa macho. Lazima uchukue udongo wa juu na wa chini, upeleke maabara, ulipie kemikali na mtaalamu. Serikali ya kijiji itatoa wapi fedha hizo? Hata halmashauri ya wilaya, ikiwa na zahanati isiyo na paa, haitaanza na udongo.

Marekani nayo ilijifunza kwa kuumia. Baada ya kashfa ya Love Canal, jimbo la New York, iliyolipuka mwaka 1978, sheria ya mwaka 1980 ilianzisha mfuko uliojazwa kwa kodi ya mafuta na kemikali. Kodi hiyo ilikoma mwaka 1995, ikarudishwa kwa sheria za mwaka 2021 na 2022. Kinachonivutia zaidi ni sheria yao ya mwaka 2002: mamlaka ndogo, hata za vijijini, ziliruhusiwa kuomba ruzuku ya kupima tu, kiasi cha dola 200,000, kabla hata ya kuzungumzia kusafisha. Yaani kujua kulipewa bajeti yake.

Kwetu, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 iliweka kanuni kwamba anayechafua alipe, ikaanzisha na Mfuko wa Taifa wa Mazingira. Sawa. Ila Vikuge utamdai nani, aliyetoa zawadi au aliyeipokea? Mwaka 2005 ukaja mpango wa Afrika nzima wa kuondoa dawa chakavu, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza, lakini fedha zake nyingi zilikuwa za wafadhili. Msaada ukaja kufuata msaada.

Kama kijijini kwenu lipo ghala la zamani la ushirika ambalo mvua ikinyesha linanuka dawa, niandikie. Niambie pia kama kuna mtu amewahi kuja kuchukua udongo wake.