Autaki: kujitosheleza kwa amri

Autaki ni sera ya taifa kuzalisha lenyewe kila linachohitaji ili lisimtegemee mgeni. Anayelifasiri neno hili kwa haraka huandika "kujitegemea", nami hapo sikubali. Kujitegemea kuna historia yake tangu Azimio la Arusha la 1967. Autaki ilipata sura yake mikononi mwa Mussolini wa Italia na Hitler wa Ujerumani.

Mwaka 1925 Mussolini alitangaza "Vita vya Ngano". Ngano ya kigeni ilitozwa ushuru mkubwa, malisho na mashamba ya matunda yakageuzwa ya ngano. Uagizaji ulipungua kweli, lakini mlaji akalipia mkate kwa bei ya juu. Mkulima wa Mwingi, Kenya, atalielewa hili upesi. Ndengu zake hustahimili ukame. Huzitia maguniani, akawauzia wachuuzi, akapata karo na sukari. Sasa mwambie azing'oe apande ngano, kwa kuwa tu serikali haitaki kuiona ngano ya ng'ambo.

Kamba ilikazwa zaidi baada ya Italia kuivamia Ethiopia Oktoba 1935 na Shirikisho la Mataifa kuiwekea vikwazo mwezi uliofuata. Wanawake wa Italia walitakiwa kutoa hata pete zao za ndoa. Machi 1936 Mussolini akaitangaza autaki rasmi. Maziwa yakatumiwa kutengeneza uzi ulioitwa Lanital, na watu wakahimizwa kuacha chai ya Waingereza wanywe karkade, kinywaji cha maua kutoka Eritrea. (Karkade yenyewe ni tamu, haina kosa.)

Hadi hapo unaweza kucheka. Sasa fuata barabara ya Thika–Garissa inayopita Mwingi hadi ng'ambo ya mpaka, utaingia Jubaland, eneo ambalo Uingereza ililimega kutoka Kenya ikaikabidhi Italia mwaka 1925. Walowezi wa Kiitaliano walilima ndizi huko Somalia, na mwaka 1935 Roma ikaunda shirika la ukiritimba, RAMB, la kuzisafirisha na kuziuza. Zilikuwa ghali kuliko ndizi za kwingine. Mwitaliano alizinunua kwa kuwa soko lilifungiwa ndizi nyingine. Waliozilima ni watu wa mabonde ya Juba na Shabelle, wakipelekwa mashambani kwa nguvu. Miongoni mwa watu wa Juba walikuwamo Wazigua, ambao mababu zao waliuzwa utumwani karne ya 19 kutoka pande za Tanga. Kwa hiyo ile "ji" ya kujitosheleza inaficha mtu: aliyetosheka ni mmoja, aliyetoa jasho ni mwingine.

Msomaji wa Makueni ataniuliza: je, Waingereza? Ni swali la haki. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilinyang'anya Wakamba ng'ombe kwa kisingizio cha kupunguza mifugo, nao ng'ombe hao wakauzwa kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha Liebig cha Athi River kikisubiri nyama. Muindi Mbingu, kiongozi wa Wakamba, aliongoza maelfu hadi Nairobi kupinga, na baadaye akahamishiwa Lamu kama mfungwa. Ule ulikuwa unyang'anyi mtupu, lakini si autaki. Mabavu peke yake hayatoshi kuifanya sera iitwe hivyo. Lazima uangalie shabaha yake, na shabaha ya autaki ilikuwa vita. Mpango wa Miaka Minne wa Ujerumani, uliowekwa chini ya Göring mwaka 1936, ulitaka petroli ya makaa ya mawe na mpira wa viwandani ili jeshi liweze kupigana hata bandari zikifungwa.

Hata meli za ndizi zilikuwa na kazi ya pili. RAMB I ilifungwa mizinga, ikazamishwa karibu na Maldives Februari 1941, mwezi uleule majeshi yaliyotoka Kenya yalipoiteka Kismayu.

Basi mwandishi wa vitabu vya shule aandike hivi: autaki, kujitosheleza kwa amri ya dola ili kujiandaa kwa vita. Kujitegemea tuwaachie watu wa Arusha.