Fidla za Mganda na Ngoma za Maswa

Mwaka 1992 kampuni ya Nonesuch ya Marekani ilitoa albamu iitwayo Pieces of Africa. Wapigaji walikuwa Kronos Quartet wa San Francisco, watu wanne wenye fidla mbili, viola na selo. Tungo zote zilikuwa za watunzi wa Afrika, na albamu hiyo ikapanda hadi kileleni mwa chati ya muziki wa klasiki nchini humo. Miongoni mwa watunzi hao alikuwamo jirani yetu wa ng'ambo ya Ziwa Victoria, Justinian Tamusuza wa Uganda.

Tamusuza alizaliwa mwaka 1951. Safari yake ya masomo ilimfikisha Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, alikofundishwa na Kevin Volans, mtunzi mzaliwa wa Afrika Kusini. Baadaye alipata udaktari wa utunzi Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na amefundisha muziki Makerere. Utungo wake uliomo katika albamu ile, Ekitundu Ekisooka, ni sehemu ya kwanza ya kazi ndefu zaidi aliyoipa jina la Kiganda lenye maana ya Njia ya Msalaba.

Ukubwa wa kazi hiyo umo katika muundo wake. Kwenye amadinda, marimba ya Baganda yenye vibao 12, wapigaji wawili huketi wakitazamana, na kila mmoja hupiga sauti zake katika mianya anayoachiwa na mwenzake. Masikio husikia wimbo mmoja ambao hakuna aliyeupiga peke yake. Tamusuza alizikabidhi nyuzi kazi ya namna hiyo: vipande vifupi vinavyorudiwa na kupishana, juu ya ngazi ya sauti tano. Ala zilikuwa za Ulaya, lakini kanuni zilitoka Buganda.

Hapa Maswa, Usukumani, hazina kama hiyo tunayo. Kuna bugobogobo, ngoma ya wakulima ambamo majembe hupanda na kushuka kwa mpigo mmoja. Kuna ushindani wa vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambao kwa vizazi vingi umewalazimisha manju wa Usukuma kutunga nyimbo mpya kila msimu ili wasishindwe uwanjani. Mwaka 2010 mtafiti Frank Gunderson alichapisha kitabu chenye nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300.

Kijana wa Nyalikungu au Malampaka mwenye ndoto ya kutunga muziki wa jukwaa kubwa anaweza kufika Belfast au Northwestern. Noti atafundishwa huko. Namna ngoma za Usukuma zinavyojibizana hatafundishwa huko; hiyo ataipata kwa manju walio hai leo. Shule zetu ziwaalike darasani, na wanafunzi wakae nao hadi wazijue nyimbo hizo kwa mikono yao wenyewe.