Safari ya Gunia la Kahawa

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, kahawa ya Bukoba ilipata njia ya kuvuka ziwa na kufika Mombasa. Mwaka 1928 reli ya Mwanza ikafungua njia ya Dar es Salaam. Kila gunia lilipopita katika mikono mipya, alama yake ndiyo iliyoonyesha limetoka wapi. Siku hizi kahawa huvuka bahari ndani ya makontena, na kila kontena lina namba yake ya herufi 4 na tarakimu 7. Lakini namba hiyo haimfai kitu mkulima wa Muleba isipoandikwa kitabuni pamoja na magunia yaliyomo. Gunia lisiloandikwa ni jasho lisilo na mwenyewe. Basi tuhesabu, tuandike, tutie sahihi, kabla mzigo haujatoka ghalani.